Beseni Chini ya Tundu la Bati

Radi ilipopiga, mtoto wangu alijichomoa mikononi mwangu akamkimbilia mdogo wangu, Kahindo.

Hakulia hata kidogo. Aliingia ndani ya kitenge cha Kahindo, kile cha chama cha siasa, chenye picha ya mwenge, kana kwamba mimi niliyemzaa ni kiti tu. Na huyo Kahindo ndiyo kwanza amefika kwangu hapa Mabanga! Alikuja na Kifaransa chake cha shuleni kwa masista, na kitabu cha picha: mtoto, mama yake na mvua ya radi. Mimi sikusoma. Tangu afike, kila jioni wanakifungua wanacheka, nami nachambua maharagwe.

Sasa kitabu kilikuwa kimeanguka sakafuni, kando ya beseni nililotega chini ya tundu la bati. Kilikuwa wazi, pale yule mama anapomfunika mtoto wake kwa nguo. Matone yalikuwa yanalia ndani ya beseni, karibu kabisa na ukingo uliogusa kitabu.

Nikalisukuma beseni kando kwa kidole cha mguu, polepole.

Tone lililofuata lilimpata yule mama shavuni. Karatasi ikavimba.

Radi ikapiga tena, nikajikuta nimeshika ukuta kwa mikono miwili.

Mtoto akachomoza kichwa kwenye kitenge, akanitazama.

"Mama mudogo, kamata kitabu, usome kwa nguvu, mama naye asikie. Ni yeye anaogopaka radi."

Kahindo akaanza kukitafuta. Mguu wangu ulikuwa bado kwenye ukingo wa beseni.