Mate ya Kumbariki Mtoto

Siku hizi kinywa kilichokaushwa na mionzi hurudishiwa mate kwa kuoteshewa seli za mtu mwingine, na sheria inakataza kuuliza ni za nani. Bibi Nolari hakuuliza. Matibabu ya saratani ya koo yalikuwa yameua tezi zake za mate, na bibi wa Kimaasai asiye na mate atambariki vipi mjukuu?

Tezi mpya ziliota kwa wiki sita, lakini zilikuja na tamaa zao. Harufu ya maziwa hazikuijali. Mwanawe alipojikata kidole, ndipo kinywa kilipofurika hata bibi akatoka nje mbio.

Leo mkwewe, Sinantei, alimpakatisha mtoto wa siku nne. "Koko," akamwita bibi kwa Kimaasai, "mtemee mate ya baraka."

Nolari akainama. Utosi wa mtoto ulikuwa ukipwitapwita, na harufu yake ikampanda puani. Mate yakamjaa, yakamchuruzika kidevuni.

"Yamerudi!" wakashangilia wote.

Akafumba mdomo, akameza. "Mchukue," akanong'ona. "Mchukue upesi."

"Bado hujamtemea, Koko," Sinantei akacheka, akamsogeza mtoto karibu zaidi.