Sentensi Tano za Ijumaa

Karatasi ilikuwa na sentensi tano tu, na Orrin alikuwa ameshaipoteza mara mbili tangu asubuhi. Mara ya kwanza aliikuta ndani ya jokofu, juu ya siagi. Mara ya pili ilikuwa kiatuni. Sasa gari limeegeshwa nje ya baa ya samaki, mke wake yuko kando anavua skafu, na karatasi haipo tena.

"Unatafuta nini?" Marlys akauliza.

"Hamna kitu. Twende."

Hata hivyo alikuwa amezikariri. Barua ya daktari nayo, Mungu ashukuriwe, aliibana kwa pini ndani ya koti. Orrin ana miaka arobaini na sita, na wiki hii ndiyo kwanza mtu amemweleza kwa nini kuishi kunamchosha kuliko wenzake. Ni usonji, na juu yake ADHD, ule upungufu wa umakini. Mmoja unataka kila kitu kikae mahali pake, mwingine hauachi kitu kikae.

Leo amwambie mkewe, basi. Mke wa kwanza hakuambiwa lolote, maana Orrin mwenyewe hakujua. Jioni moja, katikati ya chakula, uso wa mwanamke yule ulizimika, akasema, "Nimechoka kukulea," akaenda zake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa Marlys, Orrin amejificha miaka sita: kengele ishirini kwenye simu, funguo zimening'inia shingoni kwa kamba, kicheko cha mazoezi mbele ya kioo. Na kila Ijumaa, samaki.

Huku Wisconsin, asiyetoka kula samaki wa kukaanga siku ya Ijumaa huonekana ana neno na Mungu au na majirani. Ndipo walipokutana mara ya kwanza, hapahapa. Marlys alisema, "Pazuri. Turudi Ijumaa ijayo?" Tangu hapo hawajakosa hata moja. Kila Alhamisi jioni humuuliza, "Kesho samaki?" na Orrin hujibu, "Bila shaka!" huku akitamani kusema hapana.

Maana mle ndani ni balaa. Kodiani kona moja, televisheni mbili za mpira, sahani zinagongana, na watu mia wanaopiga kelele ili wasikike juu ya kelele zao wenyewe. Sauti zote humwingia Orrin kwa pamoja, hakuna inayoipisha nyingine. Vizibo vya masikio anavyo, vimo mfukoni tangu mwaka juzi, na hajathubutu kuvivaa. Mwenye upara atavificha wapi?

"Wapenzi wangu!" Dorene, mhudumu, aliwapokea kwa sauti ya kuita ng'ombe. "Ile meza yenu ya ukutani?"

"Ileile," Orrin akasema.

"Na wewe mrembo, na joto hili la mafuta, huzifungi hizo nywele hata siku moja?"

Marlys akamtabasamia. "Mkate wa shayiri, asante."

Dorene akacheka akaenda zake. Orrin akamwonea mkewe wivu. Katika fujo yote ile ameketi ametulia, macho yakitembea taratibu kutoka uso mmoja hadi mwingine, kama mtu aliye nyumbani kwao. Ni kweli kwamba Jumamosi hulala hadi adhuhuri, mapazia yamefungwa. Raha nayo huchosha, Orrin hujisemea, kisha naye hugeuka upande wake akalala.

Samaki wakaja. Orrin akala viazi viwili, akapangusa mikono, akapangusa tena. Hakuweza kumtazama. Akaikazia macho sahani yake na kusema sentensi zote tano, moja baada ya nyingine, kabla hazijamponyoka.

"Marlys, nimekwenda kwa daktari. Nina usonji na ADHD. Nimekuwa nikijifanya tangu siku tulipokutana. Mahali hapa pananimaliza. Lakini wewe unapapenda, na mimi nakupenda wewe."

Kodiani ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine. Orrin akainua kichwa.

Marlys alikuwa anachomoa mwiba. Alipoona anatazamwa, akatikisa kichwa kukubali, akatabasamu lile tabasamu lake zuri.

"Kweli kabisa," akasema. "Na wa leo wamekauka vizuri."

Orrin hakukasirika. Hasira inataka nguvu, na nguvu zake zote alizimaliza kwenye zile sentensi tano. Ameuweka moyo wake mezani, na mkewe amejibu habari ya samaki. Akafungua koti, akaichomoa pini ikamchoma kidole, akaikunjua barua na kuisukuma katikati ya sahani.

Marlys akasoma mstari wa kwanza. Akaurudia. Akasoma hadi chini, polepole, kidole kikifuata maneno, na kadiri alivyoshuka ndivyo tabasamu lilivyofifia, mpaka likazimika kabisa.

Orrin aliujua uso ule. Alishauona ng'ambo ya meza nyingine. Akazipapasa funguo mfukoni, akakumbuka ziko shingoni, akazishika. Angalau atamrudisha nyumbani salama. Angalau hilo hatalikosea.

Marlys akaweka uma chini. Akazikusanya nywele kwa mikono miwili na kuzirudisha nyuma ya mabega. Akachomoa kizibo cha njano katika sikio la kushoto, kisha kingine katika la kulia, akaviweka juu ya barua. Kelele zilipompata, akafumba macho kwa uchungu.

"Anza upya, mume wangu," akasema. "Tangu Ijumaa ile ya kwanza."