Farasi Wanane

Bwana Yaarub alijibanza ukutani, pindo la kanzu kalishika mkononi, mpaka punda wa maji akapita. Kisha akakitengeneza kilemba chake, akawatazama watu wa foleni kana kwamba mmoja wao ndiye aliyemleta yule punda, akaingia ofisini.

Sleyum alikuwa wa tatu. Ulikuwa mwaka wa sabini, mwezi wa Oktoba, na serikali mpya ya Oman ilikuwa ikiwaita watu wake warudi Maskati, hasa waliosoma Unguja. Wengi hawakuwa na cheti wala barua. Karatasi zilibaki kule, na baada ya Mapinduzi kule hakukuwa na wa kwenda kuuliza. Kwa hiyo mtu alisailiwa kwa mdomo, na msaili alikuwa Bwana Yaarub.

"Jana kamtoa mtu aliyejidai daktari," alinong'ona Ishaq, bawabu. "Kamuuliza mifupa, kamuuliza dawa, khalas. Njia ya mwongo fupi, shehe wangu. Huyu bwana hadanganyiki."

Sleyum alijibu kwamba yeye hana la kuficha.

Mkewe Hind na watoto wawili walikuwa Dar es Salaam, katika chumba cha kuazima kwa shangazi. Afisa alipewa nyumba na ruhusa ya kuleta aila yake. Tarishi hakupewa kitu. Na Sleyum, kwa miaka kumi na moja, alikuwa tarishi huko Unguja katika ofisi ya mudiri, mkuu wa wilaya. Kazi ya mudiri aliijua kuliko mamudiri wote watatu aliowabebea mafaili, lakini hilo nalo halina cheti. Tena ukiisikiliza ile foleni, Unguja kila mtu alikuwa mudiri. Nani aliyekuwa akibeba mafaili, Mungu ndiye ajuaye.

Basi Sleyum akaazima maisha ya mtu. Shuleni, Mwalimu Aflah aliwahi kuwakaririsha habari za Mrumi mmoja wa tabaka la wapanda farasi, zilizochongwa juu ya jiwe, cheo baada ya cheo: aliongoza askari wa farasi, akasimamia nafaka za mji, akasimamia bandari, mwisho akawa gavana wa majimbo mawili. Sleyum alimvua jina la Kirumi, akamvisha kanzu. Mtu aliyekufa karibu miaka elfu mbili iliyopita hangekuja Maskati kudai chake.

Zamu yake ikafika.

"Ulianzia wapi?" Bwana Yaarub aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye fomu.

"Askari wa farasi, bwana. Nikiwaongoza kwenye gwaride."

Kalamu ikasimama. "Unguja?"

"Unguja, bwana."

"Farasi wangapi?"

"Wanane."

"Mie Unguja nimezaliwa. Punda nnawakumbuka. Hao farasi wanane wakilala wapi?"

"Shamba, bwana. Mjini wakishuka siku ya gwaride tu."

Bwana Yaarub aliiweka kalamu chini. Akainuka, akamwambia Ishaq asimwingize mtu, akafunga mlango, akarudi kitini.

"Halafu nafaka," alisema.

Nafaka Sleyum alikuwa hajaitaja.

"Ndiyo, bwana. Nafaka za mji."

"Halafu bandari. Halafu mudiri, tena wa wilaya mbili, si moja."

"Mbili, bwana."

"Nani alikusomesha?"

Angeweza kutaja jina lolote. Lakini uongo ulikuwa umemwishia, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Mwalimu Aflah."

"Na bakora yake."

"Na bakora yake, bwana."

Nje, Ishaq alikuwa akimkaripia mtu. Bwana Yaarub aliigongagonga kalamu juu ya meza, kisha akauliza swali jingine kabisa.

"Koo mbili zinagombania mfereji wa maji. Mudiri aanze na lipi?"

Hili Sleyum hakuhitaji hata kulifikiria. "Atafute faili la zamani, bwana, maana ugomvi huo haukuanza leo. Kisha aende mwenyewe akayaone maji. Asiwaite ofisini. Ofisini kila mtu huja na ndugu zake, na haki hupotea kwenye kelele."

"Na mudiri akiwa mvivu wa kwenda?"

"Huenda tarishi wake," alisema Sleyum, na papo hapo akatamani ayameze maneno yale.

Bwana Yaarub aliivuta ile fomu, akaiinamia. Sleyum aliuona mstari mmoja mrefu ukikata jibu lake la kwanza, farasi wote wanane kwa mpigo, akajua kwamba yamekwisha. Alianza kupanga maneno ya kumwandikia Hind. Alitafuta neno la kuanzia, hakulipata.

Muhuri ukagonga karatasi. Fomu ikasukumwa upande wake wa meza.

"Ukiulizwa na mtu mwingine, anzia kwenye nafaka," alisema Bwana Yaarub, sauti kaishusha. "Farasi nshawachukua mie, nliposailiwa."