Sahihi ya Mwenye Ukuta

Wateja walikuwa wamejipanga mbele ya ukuta wetu wa mchezo wa kukwea kwa kamba, simu mkononi, wakisubiri fomu ambayo haiji.

Mfumo ule ni kazi ya mdogo wangu. Ukilipia, programu yake inakutumia fomu ya kukubali kwamba ukianguka hutatudai fidia. Ukishasaini, geti linafunguka lenyewe. Jana tulipoujaribu nilibaki mdomo wazi. Leo, siku ya kufungua, kimya.

"Mfumo wako umegoma," nikamnong'oneza. "Unaniaibisha mbele za watu."

"Haujagoma, kaka. Unakusubiri wewe."

Akanigeuzia kompyuta. Palikuwa na fomu moja tu, yenye jina langu: Nimekagua kila kamba leo, kwa mkono wangu.

"Hii umeiweka lini?"

"Asubuhi. Hawa hawawezi kukubali kuanguka kabla wewe hujakubali kuwashika."

"Kamba zangu nazijua."

"Basi saini."

Angekuwa mtu mwingine ningemfokea. Lakini huyu, tangu utotoni, hajawahi kufanya kitu nusu nusu. Nikaenda ukutani nimenuna, nikapitisha kamba ya kwanza katikati ya vidole. Ikateleza vizuri. Ya pili pia.

Ya tatu kwa macho ilikuwa mpya kabisa. Karibu na fundo, kidole gumba kikazama, kama nimebonyeza mkate: nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika.

Nikasimama pale, kidole kikiwa bado ndani.

Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa nyuma yangu. Alinipa kisu, mpini ukinielekea.