Uchafu wa Mzee Wenceslao

Diski zilikatika tena katikati ya kunakiliwa, na Mzee Wenceslao akatoa meno yake ya bandia, akayafuta kwa ncha ya shati, akayarudisha mdomoni. Ndivyo alivyofanya kila alipoona atasubiri sana.

"Mungu wangu!" Mama Eneida aligeuza uso ukutani. "Nitatapika mie!"

"Meno ni yangu, bibie. Sijakwambia uyavae."

Odalis hakuwasikiliza. Alikuwa akikodolea macho laptopu yake, iliyokuwa inadai kwamba hakuna diski yoyote iliyounganishwa. Zote zilikuwa pale pale mbele yake, zimechomekwa kwenye doki, kile kisanduku cheusi chenye matundu ya kuunganishia diski nyingi kwa pamoja. Alianza kukopi upya. Moyoni alitukana.

Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha, yeye na mama yake, Eneida. Diski kubwa yenye tamthilia, mpira na vichekesho vya wiki nzima ililetwa asubuhi moja kila wiki, na majirani wa Centro Habana, mtaa wa jiji la Havana, wakaja na diski zao kunakiliwa. Mchana mchukuzi aliifuata kuipeleka nyumba nyingine. Ambaye hakupata hadi hapo, ndiyo basi. Na wateja walikuwa wameanza kuchoka.

"Binti, mimi nimeacha mtu na dawa kichwani," alisema Mireya, msusi wa ghorofa ya chini, akichomoa diski yake. "Nikizidi kukaa hapa atatoka kipara. Naenda kwa Yúnior, kwake hazikatiki."

Akaondoka. Alikuwa mteja wa siku zote, na Odalis alijua harudi.

Alikuwa amejaribu kila kitu. Alibadilisha waya. Aliazima adapta nyingine ya umeme. Aliizuia laptopu isilale, akaweka feni ipulize doki isipate moto. Hatimaye aliifungua, na humo ndani akakuta mende wakavu, mabawa, miguu, na vijiyai vimeganda kwenye saketi. Alisafisha kwa mswaki huku amebana pumzi. Bado zilikatika.

Lakini hazikukatika hovyo. Hilo aligundua wiki hii. Wakija wengine, kazi ilikwenda mpaka mwisho. Akiingia Wenceslao na ile diski yake, balaa.

Na diski yenyewe ilikuwa kinyaa kitupu. Ilinuka sigara za kienyeji na mafuta ya nguruwe. Kwenye tundu la waya kulikuwa na kitu cheusi ambacho Odalis hakutaka kukijua jina. Mzee mwenyewe alikohoa kwenye leso, akaikunjua akaitazama, akaikunja. Alikuna kisigino kwa funguo za nyumba. Ingekuwa ni hiari ya Odalis, angemhudumia mlangoni.

"Lete hapa hiyo takataka," Mama Eneida alisema. Aliishika diski kwa vidole viwili, akamwaga kolonya, marashi yake mwenyewe, kwenye kitambaa, akaifuta pande zote, polepole, akampa Odalis aichomeke. "Mjane unajitunza miaka yote, halafu uzeeni unaletewa uozo kama huu sebuleni. Na wewe funga vifungo vya shati, nani kakwambia tunataka kuona kifua chako?"

"Usitazame basi."

"Nitatazama wapi, na umejaa chumba kizima?"

Alirudi kwenye kiti chake cha bembea kando ya meza, akaweka sinia la mchele wa mgao mapajani na kuendelea kuchagua mawe. Kila jiwe alilolipata alilirusha kama aliyelengwa nalo anajulikana.

Odalis akakata shauri. Hakupenda kumwaibisha mtu mzima, lakini njaa nayo haina haya.

"Mzee Wenceslao, nisamehe. Hii diski yako inaniharibia diski za wenzako. Kuanzia wiki ijayo usije. Nitakuja kuichukua kwako, niinakili wateja wakishaondoka, nikurudishie."

Mzee akaacha kujikuna. "Nisije kabisa?"

"Huna haja ya kupanda ngazi zote hizi."

"Ngazi hazijanisumbua," alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

Mama Eneida aliacha kuchagua mchele. "Uende kwake? Kwenye lile pango? Utarudi na kunguni, Odalis! Mwache aje ateseke hapa hapa nimwone."

"Mama, si wewe unayesema anakutia kichefuchefu?"

"Tena sana! Sijapata kuona mwanamume mchafu namna hii. Hata supu anakunywa kwa kelele, nimesikia kutoka barazani."

"Basi nimekuondolea adha. Nimeshasema."

 Mama yake akautikisa mchele kwenye sinia.

Mstari wa kunakili ukasonga. Ulipita nusu. Ulipita robo tatu. Odalis hakuthubutu kupepesa macho. Ikiisha hii, mzee ataondoka na uvundo wake, na kazi itarudi kuwa kazi. Zilibaki tamthilia mbili, kisha moja. Alipumua, akaegemea nyuma, na kiwiko chake kikagonga bisibisi iliyokuwa ukingoni mwa meza. Ikaanguka. Aliinama kuiokota.

Chini ya meza, mguu wa mama yake ulikuwa umevuliwa ndara. Kucha zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, bado mbichi. Kidole gumba kilinyooka taratibu hadi kwenye swichi ya ekstensheni iliyoipa doki umeme, kikazima, kikatulia kidogo, kikawasha.

"Ona! Zimekatika tena," alisema Mama Eneida kule juu, kwa karaha kubwa. "Haya, mzee, sasa itabidi ule hapa hapa."