Shimo la Kushoto

Saa tisa alasiri, Machi 1934, maji yalikuwa yamemfika Dionis kifuani. Raymundi aliyaona, kwa kuwa alikuwa amelala kifudifudi kando ya reli, katika stesheni ya Tabora, akimulika kurunzi kwenye tundu lenye nondo. Tundu lilikuwa dogo. Kichwa cha mtu mzima kisingepita.

Chini yake lilikuwa handaki linalopitisha maji ya mvua chini ya stesheni. Dionis, kibarua wa reli, aliingia humo asubuhi kuzoa matawi, na mvua ikamkuta ndani. Alikoingilia, maji yalishuka kwa nguvu ambayo hakuna mtu angeweza kupanda dhidi yake. Mbele, mdomo wa handaki ulikuwa umezibwa na magogo. Wenzake walikuwa wakiyakata.

"Shemeji!" Dionis aliita. "Hayo magogo vipi?"

"Wanakata."

"Waambie leo wasifanye kazi kiserikali." Alijaribu kucheka, lakini meno yake yaligongana.

Josepha, mke wa Dionis na dada yake Raymundi, alikuwa amepiga magoti akishikilia nondo. "Kaka, fanya kitu. Si wewe ndiye uliyesoma?"

Raymundi alikuwa karani wa stesheni, aliyehamishwa kutoka Bukene mwezi wa Oktoba. Hakuwahi kuingia handakini, na michoro yake iliungua zamani, wakati wa vita. Hata hivyo alizijua njia zake zote. Alikuwa amezichezea.

Bwana Pelham, injinia, alijifunza kazi akiwa kijana huko London, zama za Malkia Viktoria, ndani ya mahandaki ya matofali yanayopitisha maji machafu chini ya mji. Humo ndimo alimopata wazo la mchezo wake wa vita. Barazani kwake palikuwa na meza kubwa, na juu ya meza handaki zima la Tabora, wazi juu, limejengwa kwa vijitofali alivyochomewa na Lugembe, mwashi wa reli. Jumapili baada ya misa, Raymundi aliongoza vijiaskari vyekundu na Bwana vya bluu. Dadu ikionyesha sita, maji yanapanda.

"Vipimo vyote ni vya kweli," Bwana alimwambia siku ya kwanza. "Nilivipima mwenyewe."

Vijiaskari vyekundu vilipobanwa na maji, viliokoka kwa njia moja tu: tawi la kushoto. Mwisho wa tawi hilo palikuwa na shimo lililosimama kama bomba la moshi, likitokea juu, nyuma ya bohari kuukuu.

Nyuma ya bohari hiyo hakuna aliyekatiza. Tangu kiangazi, watu wa mtaa wa Kanyenye walisema mumiani wamechimba shimo pale la kufichia watu wa kunyonywa damu. Bwana Pelham, aliporudi kutoka likizo Ulaya, aliucheka uvumi huo. Kilichomkasirisha ni matofali yaliyopungua boharini. Aliweka mlinzi wa pili.

Maji yalifika mabegani.

"Dionis, sikiliza. Shika ukuta wa kushoto. Utakuta tawi. Lifuate mpaka mwisho, kuna shimo la kutokea."

"Umeliona?"

Raymundi alisita. "Ninalijua."

"Haya. Josepha, baiskeli yangu usimwazime mtu."

Kichwa chake kikatoka kwenye mwanga wa kurunzi.

Lugembe alifika mbio akiwa na mitaimbo begani, nguo zimemganda mwilini. "Yuko wapi?"

"Nimemwelekeza kushoto," Raymundi alisema, "kwenye shimo la kutokea."

"Basi vizuri." Lugembe alitupa mitaimbo chini, akabaki na mmoja, akaondoka.

"Vizuri gani?" Josepha alimpigia kelele. "Ndugu yako ndiye aliye humo?"

Ndipo kiberenge kilipoingia kutoka upande wa Bukene, na Bwana Pelham akaruka kabla hakijasimama. Raymundi alimweleza. Uso wa injinia ulibadilika.

"Kushoto? Raymundi, kushoto hakuna shimo."

"Lipo, Bwana. Pale mezani..."

"Mezani nililitia mimi, kabla ya kwenda likizo. Jeshi jekundu lilikuwa linakufa kila mara, mchezo ukawa hauna maana. Tawi lile linaishia ukutani."

Raymundi aliupeleka mdomo kwenye nondo akaita. Akaita tena. Kilichojibu ni maji. Alijaribu kukumbuka kama siku yoyote alimwuliza Bwana swali lolote kuhusu shimo lile. Hakuwahi.

Josepha hakulia. Alimtazama kaka yake, akaendelea kumtazama.

Maji yakapanda kwenye nondo, yakamwagika juu ya mikono yao wote wawili. Bwana Pelham akavua kofia.

Mlinzi wa bohari ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza, akakimbia na kuacha rungu lake. Nyuma ya bohari walitokea watu wawili weusi kwa tope, mmoja akimkokota mwenzake. Aliyekokotwa alikuwa akitapika maji.

Josepha alikuwa amekwisha kumfikia. Lugembe alimwachia Josepha mumewe, akafuta mikono kwenye suruali, akasimama mbele ya injinia kama fundi anayeulizwa kazi.

"Bwana, unisamehe," alisema. "Lile shimo ulilonionyesha mezani tulilimaliza ulipokuwa Ulaya, na mfuniko wake. Kilichobaki ni ngazi."