Kilemba Chekundu Stesheni

Uvumi ulimganda Mbalia tangu asubuhi: eti vijana wa mgodini wanarudi leo, wamedandia treni ya mawe ya chuma. Mwanawe Sorie alikwenda huko mvua za mwaka juzi, hajamtia machoni tena.

Akakimbilia stesheni kuukuu, ambako treni hupita tu bila kusimama. Ilipotokea, vijana walikaa juu ya mawe, wote wekundu kwa vumbi, Mbalia asijue yupi wake. Akavua kilemba chake chekundu, akakipunga ili mwanawe amwone.

“Mama Sorie, shusha hicho!” jirani yake Kadiatu akapiga kelele. “Dereva atadhani kuna hatari, atafunga breki!”

Breki zilikwisha kulia. Mabehewa yakagongana, kijana mmoja akarushwa ng’ambo ya pili ya reli. Treni ikasimama, ndefu kama ukuta.

“Sorie!”

“Mama!” ikajibu sauti kutoka ng’ambo.

Mbalia akapiga magoti, akachungulia chini ya behewa, akaanza kutambaa kumfuata. Treni ikajivuta.

Kina mama, msipunge kitambaa chekundu. Msisimame karibu na reli. Msimwite mtoto aliye juu ya mabehewa. Wala msitambae chini ya treni iliyosimama, hata mkiitwa.